Mdaiwa Ndiye Aandikishaye

Ndugu zetu Waislamu, somo letu latoka katika aya ya 282 ya Suratul Baqara, nayo ndiyo aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani. Yapasa tuzingatie kwamba aya hiyo yahusu deni. Mwenyezi Mungu aamrisha humo deni la muda liandikwe na lishuhudiwe. Na wa kumtajia mwandishi maneno ya hati ni mdaiwa mwenyewe. Akiwa dhaifu au hawezi, walii wake amwandikishie kwa uadilifu.

Hikima yake nini? Mtu hawezi kuandikisha asilolijua.

Sasa natupige mfano wa hapa Gazi. Mama karanga, anunuaye samaki pwani akawakaanga na kuwauza, ajiwa na mkopeshaji na karatasi iliyokwisha kupigwa chapa. Aambiwa atapewa shilingi 60,000, na nyongeza ni asilimia 1.5 tu kwa mwezi. Atia sahihi. Kila mwezi, kwa miezi 12, alipa 5,000 za mali ya asili na 900 za nyongeza, jumla 70,800. Lakini deni lapungua, na nyongeza haipungui! Mwezi wa mwisho abakiwa na shilingi 5,000 tu za asili, naye atozwa zile zile 900, yaani asilimia 18 kwa mwezi mmoja. Tena akikatwa mapema ada ya fomu, bima na akiba ya lazima, hazishiki zile 60,000 kamili, na nyongeza yahesabiwa juu ya 60,000. Kusi ikivuma na samaki wakaadimika, siku ya malipo haingoji.

Pengine neno riba halitajwi kabisa. Mkopo wa simu wa M-Shwari, ulipoanza Novemba 2012, ulitoza "ada" ya asilimia 7.5 kwa siku 30. Kwa kipimo hicho, akopaye 10,000 na kuzirudisha kila mwezi, mwaka mzima, hutoa ada ya 9,000.

Hila ya kubadili jina si ngeni. Wazee wetu waliijua bei khiyari: mwenye shamba humwuzia mkopeshaji shamba lake kwa khiyari ya kulikomboa kwa muda maalumu, kisha hubaki humo akilipa kodi. Kodi hiyo ilikuwa ni riba iliyovaa kanzu, na muda ukipita, shamba limekwenda. Unguja na Pemba madeni ya wenye mashamba ya karafuu yalizidi hata serikali ikatoa sheria, mwaka 1934, kuzuia ardhi isitoke mikononi mwao.

Mtu aweza kuuliza: nikiielewa hesabu yote nikaridhika, je? Twajibu: riba ni haramu kwa aielewaye na asiyeielewa, na kuridhika hakuihalalishi. Kufichwa hesabu ni dhulma ya pili juu ya ile ya kwanza. Wala tusihadaike kwa jina la Kiarabu. Tukiambiwa ni murabaha, tuulize: bidhaa iko wapi, imemilikiwa na nani, na bei yake ni ngapi?

Hata serikali imeliona jambo hili. Kanuni za Benki Kuu ya Kenya za mwaka 2022 ziliwataka wakopeshaji wa simu wapate leseni, na wamweleze mkopaji masharti na gharama kabla hajakopa. Lakini kanuni haimfai asiyeuliza.

Basi kabla ya kutia sahihi, mdaiwa na aiweke karatasi kando, aseme kwa ulimi wake: napokea ngapi mkononi? Narudisha jumla ngapi? Ziada hiyo ni ya nini? Nikichelewa, nitafanywa nini? Nimeweka rehani kitu gani? Akishindwa na moja katika hayo, asitie sahihi.

Na sisi tuliosoma, tunaowaona mama zetu wakitia vidole gumba katika karatasi wasizozijua, tusijitoe katika lawama. Aya imemtaja walii. Basi ni nani walii wao, ikiwa si sisi?

Wabillahi tawfiq.