Dereva na Ajali: Wajibu wa Kusimama na Kupiga Ripoti

Kifungu cha 73 cha Sheria ya Trafiki ya Kenya, Sura ya 403, kinamtaka dereva asimame pale ajali inapotokea kwa sababu ya kuwapo kwa gari lake barabarani, ikiwa ajali hiyo imemjeruhi mtu au mnyama, au imeharibu gari jingine au jengo. Kifungu hakiulizi nani mwenye makosa. Mwendesha bodaboda akiikwepa matatu iliyochomoka ghafla kituoni, akatumbukia mtaroni na kuvunjika mguu, dereva wa matatu anapaswa kusimama hata kama vyombo hivyo viwili havikugusana. Bodaboda nayo ni chombo cha moto mbele ya sheria, na anayeiendesha akimgonga mpita njia ana wajibu uleule wa dereva wa lori. Aliyegonga ng'ombe au mbuzi hana ruhusa ya kuendelea na safari eti kwa kuwa hakuna binadamu aliyeumia.

Kukanyaga breki, kuchungulia dirishani na kuondoka si kusimama. Dereva anatakiwa kutaja jina na anwani yake, jina na anwani ya mwenye gari, na nambari ya usajili, kwa yeyote mwenye sababu ya maana ya kuuliza. Huyo anaweza kuwa majeruhi, jamaa yake, mwenye mbuzi, au mwuza mboga ambaye kibanda chake kimebomolewa. Wajibu huu ni wa dereva mwenyewe, wala hauishi kwa kumsukumia makanga abaki akijibu maswali.

Wengi huogopa kwamba kutaja jina ni kukiri kosa. Hayo ni mambo mawili tofauti. Ibara ya 49 ya Katiba ya mwaka 2010 inampa aliyekamatwa haki ya kunyamaza na inakataza alazimishwe kukiri jambo litakalotumiwa dhidi yake kama ushahidi. Dereva anaweza kutoa maelezo yote ya utambulisho bila kusema neno juu ya nani alisababisha ajali. Akikamatwa, anapaswa kuambiwa sababu mara moja, kwa lugha anayoielewa, na kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24, au siku ya kwanza ya mahakama kuketi baada ya hapo iwapo muda huo umeishia nje ya saa za kazi za mahakama.

Hofu nyingine ni ya umati wenye hasira, na haiwezi kupuuzwa, maana wapo madereva waliopigwa kabla polisi hawajafika. Sheria yenyewe inatambua kwamba huenda dereva asiweze kutoa maelezo yake papo hapo. Ikiwa kwa sababu yoyote hakuyatoa, lazima apige ripoti kituo cha polisi au kwa afisa wa polisi mapema iwezekanavyo, na kwa vyovyote vile kabla ya saa 24 kupita. Muda huo ni kikomo, wala si likizo. Aliyepita mbele ya vituo viwili akaenda kulala nyumbani, kisha akaripoti saa ya 23, hawezi kudai kuwa aliripoti mapema alivyoweza. Aliyeondoka kwa kuhofia maisha yake akaenda moja kwa moja kituo cha karibu ana maelezo ya kueleweka. Aliyejificha, au aliyepeleka gari likanyooshwe bodi kabla ya kuripoti, hana.

Mwenye gari naye ana wajibu wake. Hata kama hakuwa ndani ya gari, anapaswa kuwapa polisi maelezo ya kuwawezesha kumtambua aliyekuwa akiliendesha. Kifungu cha 8 cha sheria hiyohiyo kinamchukulia aliyesajiliwa kuwa ndiye mwenye gari mpaka ithibitishwe vingine, kwa hiyo aliyeuza gari bila kubadilisha usajili hujikuta akijibu kwa ajali asiyoijua.

Kwa majeruhi, jina na nambari hizo ndizo mlango wa fidia. Bima ya lazima chini ya Sura ya 405 huwalipa watu wengine waliojeruhiwa na gari, hadi shilingi milioni tatu kwa dai la mtu mmoja, lakini bila kujua gari hakuna kampuni ya kudaiwa. Gari likitoroka, chochote kilichoonekana kinafaa kuandikwa palepale: herufi chache za nambari, rangi, jina la sacco ubavuni, mwelekeo lilikokimbilia, na simu za walioshuhudia.

Matibabu hayasubiri ripoti. Ibara ya 43 ya Katiba inasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura, kwa hiyo hospitali haiwezi kumwacha majeruhi mlangoni akidaiwa karatasi za polisi au amana. Baadaye yeye au jamaa yake aende kituoni, ahakikishe tukio limeandikwa kwenye kitabu cha matukio, achukue nambari ya OB, na aombe abstrakti ya polisi pamoja na fomu ya P3, ambayo daktari hujaza kueleza majeraha. Kesi ya madai ya majeraha hufunguliwa ndani ya miaka mitatu tangu siku ya ajali. Kwa mtoto, miaka hiyo huanza kuhesabiwa anapotimiza miaka 18.