Mkunga Akikuuliza "Haraka"

Wifi yangu aliletwa huku Oman kutoka Unguja kwa ndoa, Kiarabu chake kikiwa cha kusomea Kurani tu. Mimba ilipofika miezi minane, mkunga alimuuliza, "Fi haraka?" Wifi akajibu kwa adabu zote, "La, la." Alidhani anaulizwa kama ana haraka ya kuondoka. Kumbe haraka, kwa wenzetu, ni mtoto kucheza tumboni. Alifungiwa mkanda wa kupima mapigo ya moyo wa mtoto mbio mbio, na sisi tuliosubiri nje tukashikwa na hofu ya bure.

Mkunga anafanyia kazi yale unayomwambia. Kwa hiyo nakuandikia wewe uliye Ibra, Sur, Nizwa au vijiji vya jirani, hasa kama mimba ni ya kwanza na mama yako mzazi yuko mbali.

Uanzie wapi? Usianzie hospitali kubwa. Nenda kituo cha afya cha mtaani kwako, wanachokiita markaz sihhi, mara tu unapoona siku zako zimepita. Usingoje tumbo lionekane. Jitahidi ufike kabla ya wiki ya 12. Chukua bitaka (kitambulisho) yako na ya mume, pamoja na cheti cha ndoa. Utafunguliwa kadi ya mimba, na kadi hiyo iishi kwenye mkoba wako, maana ndiyo itakayomweleza habari zako mkunga ambaye hajawahi kukuona.

Watakupima presha, mkojo, na damu: kundi lake, wingi wake, sukari, na maradhi kama kaswende, homa ya ini na virusi vya UKIMWI. Wingi wa damu ukiwa chini ya 11 unahesabiwa una upungufu, na utapewa vidonge vya madini ya chuma. Vinafanya choo kiwe cheusi, usitishike. Usivinywe na chai, kwa kuwa chai inazuia chuma kuingia mwilini. Baina ya wiki ya 24 na 28 utapimwa tena sukari ya mimba kwa kunywa maji matamu. Shirika la Afya Duniani linashauri mama aonane na wahudumu mara 8 au zaidi kabla ya kujifungua.

Kama bado hujashika mimba, anza sasa vidonge vya foliki, mikrogramu 400 kwa siku, uendelee mpaka wiki ya 12. Ni vitamini inayokinga uti wa mgongo wa mtoto, na uti huo hujengeka kabla wengi wetu hatujajua kama tuna mimba. Oman ilianza kutia foliki na chuma katika unga wa ngano mwaka 1996, lakini mkate peke yake hautoshi.

Kisha kuna sikoseli, maradhi ya damu ambayo chembe zake hujikunja kama mundu. Watu wa mikoa ya Sharqiyah na Dakhiliyah wanayajua vizuri. Mtu anaweza kubeba asili yake asiugue hata siku moja. Lakini mume na mke wakiwa wabebaji wote wawili, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kumpata mtoto mgonjwa. Tangu Januari 2026 Waomani wanaotaka kuoana hupimwa kwanza. Nyinyi mliooana zamani, ombeni kipimo, na mume naye atoe damu. Wanaume wetu huliona jambo hili kuwa la wanawake. Si la wanawake.

Gharama je? Raia anahudumiwa na serikali bure, ukiacha ada ndogo ndogo. Asiye raia hulipishwa, basi soma bima yako mapema: zipo zisizogusa uzazi kabisa. Ukichagua hospitali ya binafsi, omba bei kwa maandishi, ya kuzaa kawaida na ya upasuaji, na uulize mtoto akihitaji kulazwa ni riali ngapi kwa siku. Swali hili la mwisho watu hulisahau.

Hospitali za Ibra, Sur na Nizwa zote zinazalisha. Mimba yenye hatari, kama ya presha kali au ya mtoto anayetaka kutoka mapema mno, huenda ikapelekwa Maskati. Fikiria na njia. Wadi, yaani bonde la mvua, likishuka na maji, barabara inakatika kwa saa kadhaa, na hakuna gari la kushindana nalo. Ukiwa Jabal Akhdar au kisiwa cha Masirah, zungumza na mkunga kuhusu kuteremka ukae kwa jamaa karibu na hospitali kuanzia wiki ya 37. Namba ya dharura ni 9999.

Uchungu wa kweli, ambao Waarabu huuita talq, huja kwa mpango na kuzidi. Ukifika kila dakika tano, na kila mmoja ukadumu kama dakika nzima, kwa muda wa saa moja, ondoka. Wa mbali aondoke mapema zaidi, na aliyekwisha kuzaa asingoje saa hiyo. Usihesabu chochote, ondoka mara moja, ukiona damu (sema nazif), chupa ikipasuka, kichwa kikiuma sana na macho kuona ukungu, au mtoto akipunguza kucheza. Hilo la mwisho usililaze mpaka asubuhi.

Chumbani, mkunga atapima kwa vidole mlango wa uzazi umefunguka kiasi gani. Ukifika sentimita 10 ndipo unasukuma. Kabla ya hapo tembea, lala ubavu, kunywa maji ukiruhusiwa. Mapema, kliniki, uliza mambo mawili: dawa gani za maumivu zipo, na kama mama au dada anaruhusiwa kukaa nawe, maana kila hospitali ina utaratibu wake.

Mtoto akitoka, omba awekwe kifuani kwako, ngozi kwa ngozi, na anyonye ndani ya saa ya kwanza. Utadungwa sindano ya kuzuia damu nyingi, ikubali. Nyumbani, supu ya kuku na uwatu wa bibi havina neno, ila mwenye sukari amuulize mkunga kwanza kuhusu uwatu. Lakini wanja usitiwe machoni wala kitovuni mwa mtoto: aina nyingi zina risasi, yale madini ya sumu. Kitovu kiachwe kikauke chenyewe. Ukilowesha pedi nzima kwa saa moja, au ukipata homa, rudi hospitali hata kama arobaini haijaisha.

Kwa mfanyakazi, sheria ya kazi ya 2023 inampa mama likizo ya siku 98 yenye malipo, na anaweza kuchukua hadi 14 kabla ya kujifungua. Baba naye ana siku 7, azichukue kabla mtoto hajafikisha siku 98. Mume wa wifi yangu alizitumia kufua nepi na kupika uji, na uji wake ulikuwa na madonge.