Mchezo Uko Wapi? Kutengeneza Miguu ya Mbele ya Volkswagen Beetle Nyumbani

Gari la zamani likianza kugonga miguu, wengi hukimbilia duka la spea. Shokapu mpya zinafungwa, mlio upo. Tairodi zinabadilishwa, mlio bado upo. Pesa imekwisha na usukani unaendelea kutetemeka. Mwenye Volkswagen Beetle anaweza kujiepusha na hasara hiyo akishika kanuni moja: tafuta kwanza mchezo, yaani ulegevu wa viungo, ulipo, ndipo ununue. Ukishaupata, sehemu kubwa ya kazi unaweza kuifanya uani kwako. Sehemu inayobaki ni ya fundi mwenye presi, nayo tutaitaja.

Ijue miguu yenyewe

Beetle ya kawaida haina springi za kuviringa mbele. Ina mabomba mawili ya chuma yaliyolala sambamba, moja juu ya jingine, kutoka upande mmoja wa gari hadi wa pili. Ndani ya kila bomba mna fungu la vyuma bapa lililobanwa katikati kwa boliti. Gurudumu likipanda jiwe, mkono ulioshika gurudumu huvisokota vyuma hivyo. Likishuka, navyo hujirudi. Ni muundo huu uliobeba Beetle zilizoshinda Safari Rally mwaka 1954, 1957 na 1962, enzi ambazo mashindano hayo yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika.

Kwa anayefanya kazi nyumbani, faida yake ni kwamba hakuna springi iliyobanwa inayoweza kufyatuka na kumjeruhi. Aina za 1302 na 1303, zilizoanza kutoka mwaka 1970, ni tofauti: zina shokapu ndefu zilizovikwa springi. Hizo usizifungue bila kibano maalumu cha springi. Makala haya hayazihusu.

Beetle zenye mabomba nazo ni za aina mbili. Zilizotoka hadi katikati ya 1965 hutumia kingipini na linki pini. Kuanzia modeli ya 1966 zina boljointi. Hakikisha unajua yako ni ipi kabla ya kuagiza chochote, na usiamini mwaka ulioandikwa kwenye kadi peke yake. Gari la umri huo huenda limeshabadilishiwa miguu yote, kwa kuwa boriti nzima ya mbele, yenye mabomba hayo mawili, imeshikwa na boliti chache tu.

Kabla ya kuinua gari

Chagua mahali pa sakafu ngumu iliyo sawa. Vuta breki ya mkono, kisha weka kabari mbele na nyuma ya magurudumu ya nyuma. Legeza boliti za magurudumu gari likiwa bado chini. Inua kwa jeki, halafu kalisha gari juu ya stendi mbili za chuma, moja kila upande, karibu na ncha za bomba la chini. Litikise kwa nguvu kabla hujaingiza hata mkono. Jeki ni ya kuinulia, si ya kulalia chini yake, na matofali hupasuka bila kutoa taarifa.

Kumbuka pia kwamba tangi la petroli la Beetle liko mbele, juu ya miguu hiyo unayotaka kuitengeneza. Nati iliyoshikwa na kutu usiipashe moto wa gesi. Ipake mafuta ya kulegeza kutu jioni, uiache ilale, asubuhi ujaribu tena.

Kutafuta mchezo

Magurudumu yakiwa hewani, shika gurudumu juu na chini, ulisukume na kulivuta. Likicheza, mwombe mwenzako akanyage breki huku ukirudia. Mchezo ukipotea, tatizo ni beringi ya gurudumu. Ukibaki, tatizo liko kwenye pini, kwenye boljointi au kwenye bushi za mikono. Mulika tochi uone ni kiungo kipi hasa kinachotembea: weka kidole kwenye maungio, nusu hapa nusu pale, na utausikia mchezo hata kabla macho hayajauona.

Sasa shika gurudumu kushoto na kulia, ulitikise. Mchezo wa hapa mara nyingi ni wa tairodi au boksi la usukani. Mwisho, kagua mipira inayofunika viungo. Mpira uliopasuka huingiza mchanga na maji, na kiungo kilicho ndani hakitadumu hata kama leo bado kimekaza.

Gonga pia mabomba na minara ya shokapu kwa ncha ya bisibisi. Chuma kizima hulia. Kilicholiwa na kutu hutoboka au hutoa sauti butu. Magari ya pwani, yanayopigwa na upepo wa chumvi, yakaguliwe zaidi. Bomba lililooza haliwekwi kiraka. Hapo ni kubadilisha boriti nzima.

Anza na grisi

Kabla ya kuhukumu kwamba kitu kimekufa, kilishe. Mabomba mawili yana nipeli nne za grisi, na gari la kingipini lina nyingine kwenye pini za kila gurudumu. Futa kila nipeli hadi ing'ae, la sivyo utasukuma mchanga ndani pamoja na grisi. Gari likiwa limeinuliwa ili mikono isibebe uzito, piga bomba la grisi mpaka grisi chafu itoke na mpya ianze kuchungulia. Nipeli isiyopitisha ing'olewe, isafishwe au ibadilishwe. Milio mingi ya kukereketa huishia hapa.

Beringi za magurudumu

Kifuniko cha katikati ya gurudumu moja la mbele kimepitiwa na waya wa spidimita. Toa kwanza kipini kidogo kinachoushika, ndipo ung'oe kifuniko. Ukikiwambua kwa pupa, waya utaharibika. Jua pia kwamba nati ya ekseli ya gurudumu la kushoto ina nyuzi za kinyume: hufunguliwa kwa kuizungusha kuelekea kulia. Wengi wameiharibu kwa kuilazimisha.

Ukitoa dramu, usipulize vumbi la breki kwa kompresa wala kwa mdomo, maana breki za zamani zilitumia asbesto. Lilowanishe na ulifute kwa kitambaa cha kutupa. Osha beringi kwa mafuta ya taa, zikauke, kisha uzizungushe karibu na sikio. Yenye vidoa, michubuko au rangi ya kuungua haifai tena. Nzima ishindilie grisi ya beringi kwa kiganja hadi ipenye kati ya rola, na ufunge oili sili mpya.

Kwa beringi za rola zilizoanza na modeli ya 1966, kaza nati huku ukilizungusha gurudumu, kisha ilegeze mpaka washa iliyo nyuma yake isogee kwa kusukumwa kidogo na bisibisi. Mchezo unaotakiwa ni milimita 0.03 hadi 0.12. Ukikaza kabisa ukidhani ndiyo usalama, beringi itachemka na kuungua barabarani.

Linki pini, tairodi na shokapu

Linki pini huweza kurekebishwa bila kufumua mguu. Legeza boliti inayoibana, kaza pini mpaka ishike, irudishe nyuma kiasi cha moja ya nane ya mzunguko, kisha kaza boliti. Ukilazimika kuichomoa, hesabu washa za kila upande na kuzipiga picha. Washa hizo ndizo zinazopanga mwinamo wa gurudumu, na zikichanganywa tairi litalika upande mmoja.

Kwa tairodi, toa pini ya usalama na nati, kisha gonga ubavu wa jicho la mkono kwa nyundo huku nyundo nyingine ikiegemezwa upande wa pili. Usigonge ncha yenye nyuzi. Kabla ya kuifungua, pima urefu wake na uhesabu mizunguko. Pini ya usalama iliyokwisha kutumika haitumiki tena.

Shokapu zibadilishwe mbili kwa pamoja. Ukibonyeza kona ya gari na kuiachia, nayo ikaendelea kudunda, zimechoka.

Kazi za kupeleka gereji

Bushi za kingipini hupigwa kwa presi na kuchongwa kwa kipimo. Boljointi nazo huingia kwenye mikono kwa presi. Nyumbani unaweza kuushusha mkono, ukaupeleka ukiwa safi, ukaurudisha na kuufunga mwenyewe. Hilo peke yake hupunguza gharama. Kuzipigilia bushi na boljointi kwa nyundo ni kuua spea mpya kabla haijatembea.

Spea zenyewe zinapatikana, kwani Beetle zaidi ya milioni 21 zilitengenezwa, na ya mwisho ilitoka kiwandani Mexico tarehe 30 Julai 2003. Taabu ni ubora. Chunguza mpira wa kiungo kipya na ujaribu kiungo kwa mkono: kikizunguka kilegevu dukani, usikinunue kwa sababu ya bei.

Kabla ya kurudi barabarani

Zikaze nati zote kwa spana yenye kipimo, kwa kufuata kitabu cha modeli yako. Kaza boliti za magurudumu kwa mshazari. Jaribu breki ukiwa uani, kisha endesha polepole kwenye barabara tulivu. Ikiwa umegusa tairodi, pini au boljointi, nenda kapime alaimenti bila kuchelewa, na baada ya safari chache pitia tena nati zote.

Kuanzia hapo, shika ratiba. Gari la kingipini linahitaji grisi kila kilomita 2,500 hadi 5,000, na la boljointi kila kilomita 10,000. Anayepita vumbi na matope kila siku apunguze umbali huo. Miguu mingi ya Beetle inayotupwa haikuvunjika, ilikosa grisi. Kopo moja la grisi na saa moja ya Jumamosi ni nafuu kuliko boriti mpya.