Hofu, Hasira na Upweke wa Mgonjwa Asiye na Ndugu

Mwaka 1948, katika hospitali moja ya London, alilazwa David Tasma, mkimbizi wa Kiyahudi kutoka Poland. Alikuwa na umri wa miaka 40, kazi yake ilikuwa kuhudumia wateja mgahawani, na saratani ilikuwa imeshamshinda. Ndugu wa kukaa kando ya kitanda hakuwa naye. Pamoja na maumivu, kilichomtesa ni wazo kwamba anaondoka duniani bila kuacha alama yoyote.

Aliyemsikiliza ni Cicely Saunders, ofisa ustawi wa jamii wa hospitali aliyewahi kuwa muuguzi. Waliongea mara nyingi kuhusu imani na kuhusu namna mtu wa hali ile anavyostahili kutunzwa. Tasma alipofariki, alimwachia pauni 500 ziwe dirisha katika nyumba ya kuwatunza wagonjwa kama yeye. Saunders akarudi darasani, akawa daktari, na mwaka 1967 akafungua St Christopher's Hospice jijini London.

Maumivu ya aina nne

Saunders alifundisha kwamba mgonjwa huumia mwilini, moyoni, katika uhusiano wake na watu, na rohoni. Maumivu haya huchocheana. Mgonjwa ambaye mgongo unamkata usiku kucha hana nafasi ya kutuliza hofu, na mwenye hofu huhisi maumivu makali zaidi.

Ndiyo maana tiba shufaa, yaani huduma ya kupunguza mateso ya mgonjwa, huanza na mwili. Huduma hii ilifika pia Afrika Mashariki: Hospisi ya Nairobi ilianzishwa mwaka 1990. Mwaka 1993 Dkt. Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda, inayotumia mofini ya maji, dawa ya maumivu ya kunywa ambayo mgonjwa anaweza kuitumia nyumbani. Mwaka 2004 Uganda iliwaruhusu wauguzi wenye mafunzo maalumu kuiandika, ili wagonjwa wa vijijini wasikose nafuu kwa sababu daktari yuko mbali.

Hisia hazipangi foleni

Mwaka 1969 daktari Elisabeth Kübler-Ross, aliyekuwa akizungumza na wagonjwa mahututi huko Chicago, alieleza hatua tano: kukataa, hasira, kubembeleza, huzuni na kukubali. Wengi walizichukua kama ngazi. Uzoefu wa wauguzi ni tofauti: mgonjwa anaweza kukubali asubuhi, akafoka mchana, na jioni akauliza kama kuna dawa nyingine ya kujaribu. Hajarudi nyuma. Hasira yake mara nyingi haimhusu anayemletea uji.

Hofu hupungua inapotajwa. "Naogopa" ni neno pana. Ndani yake kuna hofu ya kukosa pumzi, ya kuwa mzigo, ya kuzikwa na manispaa bila mtu kujua jina lake. Ya kwanza ina dawa, na mhudumu wa afya aulizwe waziwazi. Ya pili inahitaji mazungumzo. Ya tatu inahitaji wosia na mtu wa kuutekeleza. Nchini Tanzania, Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini (RITA) huandika na kuhifadhi wosia.

Majuto nayo huja: mtoto aliyetelekezwa, deni, ugomvi wa shamba. Wapo wanaoamini ugonjwa ni laana. Mgonjwa asiharakishwe kwa "yamepita hayo". Barua moja, simu moja, au toba mbele ya shehe au padri anayemwamini yeye mwenyewe inaweza kumpa usingizi.

Huzuni ni ya kawaida, lakini sonona ni ugonjwa unaotibika hata mtu akiwa amebakiza muda mfupi. Kukosa hamu ya kula pekee si dalili tosha, kwa kuwa kunaweza kuletwa na saratani yenyewe. Dalili ya kuangaliwa ni mgonjwa asiyefurahia chochote kwa wiki mbili mfululizo, au anayesema angependa kujimaliza. Huyo apelekewe msaada siku hiyo hiyo.

Upweke ndani ya nyumba iliyojaa

Wapo walio wapweke ingawa wana watoto sita. Familia humwomba daktari asimwambie mzee ukweli kuhusu ugonjwa wake. Mzee anajua, anawaficha kwamba anajua, na kila mtu anabaki kulia chumbani kwake. Swali dogo hufungua mlango: "Ungependa kujua kiasi gani kuhusu hali yako?"

Kwa asiye na mtu kabisa, mfano uko Oregon, Marekani. Muuguzi Sandra Clarke aliombwa na mzee mmoja akae naye kidogo. Akaahidi kurudi baada ya kuwaona wagonjwa wengine. Aliporudi, mzee alikuwa amekata roho. Mwaka 2001 hospitali yake ilianza kupanga watu wa kujitolea wakeshe kwa zamu na wagonjwa wasio na ndugu.

Kwetu watu hao wapo tayari: jirani, mjumbe wa nyumba kumi, wanajumuiya wa kanisani, waumini wa msikitini, mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Kinachokosekana ni ratiba. Mmoja ashike Jumatatu, mwingine Jumanne, na asiyejua la kusema akae tu.

Ukimjua mgonjwa wa namna hii mtaani kwako, toa taarifa kituo cha afya kilicho karibu na uulizie tiba shufaa. Usisubiri azidiwe, huduma hii inaweza kuanza tangu siku ugonjwa unapobainika.