Mkebe wa Senti Alioacha Baba Mkwe

Mjomba, nimeolewa hapa Khwisero na nina duka dogo karibu na soko. Baba mkwe alitutoka mwaka jana. Matanga yalipoisha, mama mkwe aliniita akanikabidhi mkebe wa Kimbo uliojaa pesa za zamani: senti zenye tundu, shilingi za simba, za Kenyatta na moja ya shilingi arobaini. Alisema mimi ndiye ninayeshika hesabu, basi nizitunze. Nimezipenda, na nataka kuanza uraibu wa kukusanya sarafu ila sijui pa kuanzia. Mume wangu ananicheka. Shemeji naye amepata mtu kwa simu anayesema senti yenye jina la Edward ataichukua kwa shilingi 300,000, lakini kwanza tutume 2,500 za usajili. Kijana wangu amesugua tatu kwa jivu, zinang'aa ajabu. Nifanyeje?
Mama Duka, Khwisero

Mulembe, mpwa wangu. Kabla ya lolote, mwambie shemeji asitume hata ndururu. Mnunuzi wa kweli hutoa pesa; hadai pesa. Huyo wa kwenye simu akitumiwa hizo 2,500 atazua ada nyingine, na nyingine, hadi mchoke ninyi au akate simu yeye.

Hata hivyo, hiyo senti ya Edward si uongo mtupu. Edward wa Nane alikuwa mfalme wa Uingereza kwa muda usiotimiza mwaka, akaacha kiti Desemba 1936 ili amwoe Mmarekani mwenye talaka. Kwao hakuna sarafu yenye sura yake iliyotolewa rasmi kwa matumizi ya watu. Huku kwetu mambo yalikuwa tofauti. Senti 5 na senti 10 za Afrika Mashariki zilikuwa na tundu katikati, hivyo hapakuwa na nafasi ya uso. Ziliandikwa jina la mfalme tu, zikafyatuliwa mwaka huohuo na kutumika sokoni. Wakusanyaji wa ng'ambo huzipenda kwa sababu hiyo. Tatizo ni kwamba zilitengenezwa kwa mamilioni. Ikiwa yako haijachakaa, labda utapata mamia ya shilingi. Malaki, sahau.

Mlangoni pa duka, kwenye mwanga, igeuzegeuze hiyo ya 1936 ukitafuta herufi ndogo sana. Ukiona H, ilitengenezwa na kiwanda cha Heaton, Birmingham. KN ni King's Norton, Birmingham vilevile. Isiyo na herufi ilitoka London. Ukishaanza kuzitafuta herufi hizo, uraibu umekushika. Mumeo atakuita chakula kinapoa.

Sasa jivu. Mpwa wangu, usiruhusu tena jivu, ndimu, mchanga wala chuma cha kusugulia sufuria. Ule weusi na ukahawia wa shaba ndio ngozi ya sarafu, na anayeijua kazi hii akiona imechunwa anashusha bei hapo hapo. Kama kuna udongo, loweka kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni kidogo, suuza, kisha ibonyeze kwenye kitambaa laini bila kusugua. Uishike kwa ukingo, maana jasho la kidole huacha alama.

Shilingi za simba zitenge. Shilingi ilichukua nafasi ya florini mwaka 1921. Florini yenyewe ilikuwa imeiondoa rupia mwaka mmoja tu kabla. Za tangu 1921 hadi 1946 robo yake ni madini ya fedha. Kuanzia 1948 ni shaba na nikeli tu, ingawa simba ni yuleyule na milima ileile nyuma yake. Tafuta pia senti 5 na 10 za 1964. Uhuru ulikuwa umeshapatikana, sarafu yetu ya kwanza ya Kenya ilikuwa bado, basi jina la malkia likaondolewa na nafasi yake haikupewa mtu. Mimi nazipenda kuliko hiyo ya Edward, na bei yake ni ya chini zaidi.

Unauliza pa kuanzia. Wewe mwenye duka una bahati ambayo wakusanyaji wengi wa mjini hawana: droo ya chenji. Anza na za Kenya, moja ya kila aina. Za kwanza kabisa ni za 1966, zenye Kenyatta. Zile za 1969 na kuendelea zimeongezewa jina lake. Halafu kuna za Moi kuanzia 1980, pamoja na ile kobole ya pembe saba ya 1985. Hiyo arobaini yako ni ya 2003, iliyotolewa kuadhimisha miaka arobaini ya uhuru, na ndiyo yenye sura ya Kibaki. Mwaka 2005 Kenyatta akarudi. Kisha Katiba ya 2010, kifungu cha 231, ikakataza picha ya mtu yeyote kwenye pesa, na Desemba 2018 wakaja wanyama: twiga kwenye shilingi moja, kifaru kwenye tano, simba kwenye kumi, ndovu kwenye ishirini. Ukichomoa kumi kwenye droo, weka humo kumi yako kutoka mfukoni papo hapo. Uraibu usije ukala mtaji, ukampa mume sababu ya kununa.

Za majirani zitafute kwa wachuuzi wanaokwenda mipakani. Senti ishirini ya Tanzania yenye mbuni, senti hamsini yenye sungura, hizo wengi wamezisahau kwenye vikopo, na wanaweza kukupa kwa soda.

Usizirudishe mkebeni zikigongana. Nunua bahasha ndogo za kaki, uandike kwa penseli kabla ya kutia sarafu ndani: thamani, mwaka, herufi, imetoka kwa nani. Mvua zetu hazichezi, kwa hivyo tia kwenye boksi vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Mifuko ya plastiki laini epuka. Baada ya miaka mingi huacha utando wa kijani unaonata.

Hiyo sehemu ya "imetoka kwa nani" ndiyo ningeipa muda mwingi. Keti na mama mkwe. Muulize mzee alikuwa akifanya kazi wapi alipolipwa hizo shilingi za simba, kodi ililipwaje, na kwa nini hakuzitumia. Senti kama hizo zipo kila mahali duniani; ya kwamba hizi zilikaa nyumba fulani Khwisero, na kwa nini, anajua yeye peke yake. Andika anavyosema, hata kama si hadithi ndefu.

Ukiwa hapo, maliza na la shemeji. Mwageni mkebe mezani mbele ya mama, mume na ndugu zake, mhesabu, muandike orodha na kila mmoja atie sahihi. Mama amekukabidhi utunze. Hakusema ni zako, wala hakusema ni za shemeji. Mkubaliane kuwa hakuna inayouzwa bila neno lake. Na yule wa simu, shemeji amwambie aje dukani mchana na hizo 300,000 zake, chai ipo.

Zile tatu zilizosuguliwa, mama akikubali, mpe kijana na bahasha zake tatu. Naye aanze.