Siku Sitini za Kiota: Namna ya Kuandika Riwaya ya Mapenzi ya Pwani

Una wapenzi wawili na una bahari. Umeshaandika machweo, minazi na upepo mwanana. Umefika ukurasa wa arobaini na hadithi imelala. Tatizo ni kwamba bahari yako haina kazi. Umeitundika nyuma ya wapenzi kama pazia la studio ya picha.

Ipe kazi. Weka ndani yake mnyama mwenye shida yake na saa yake, ambaye wapenzi wako wakizembea anakufa. Hapo mambo yataanza kwenda.

Riwaya za namna hii zina wasomaji wengi, tena waaminifu. Mwaka 2002 Mmarekani Mary Alice Monroe alitoa The Beach House, hadithi ya kisiwa cha Isle of Palms huko South Carolina. Mwanamke aliyepoteza kazi Chicago anarudi kwa mama yake mgonjwa. Mama huyo ni mlinzi wa viota vya kasa, na katika kazi hiyo ndimo binti anamopatana na mama, kisha na moyo wake. Monroe mwenyewe amejitolea kulinda kasa katika pwani hiyohiyo. Mwaka 2018 Delia Owens, aliyekuwa mtafiti wa wanyamapori kabla ya kutunga riwaya, akatoa Where the Crawdads Sing. Kijana anamchumbia msichana wa vinamasi kwa kumwachia manyoya ya ndege juu ya kisiki, maana msichana hajui kusoma barua.

Kinachomshika msomaji hapo ni maswali mawili yanayokwenda sambamba. Hawa watapatana? Na yule mnyama atapona? La pili ndilo linalolisukuma la kwanza. Iga mbinu hiyo, hadithi iwe yako.

Chagua mnyama mmoja tu. Ukitia kasa, nyangumi, papa na mikoko yote katika riwaya moja, utapata kipeperushi cha utalii. Pomboo wa Kizimkazi wanafaa ukitaka ugomvi wa mwenye boti ya watalii na anayetaka pomboo waachwe wapumzike. Nguva anafaa hadithi ya huzuni: katika pwani ya Tanzania na Kenya amebaki kwa nadra sana, huzaa mtoto mmoja mmoja, na mimba yake inapita mwaka. Lakini kama hii ndiyo riwaya yako ya kwanza, chukua kasa. Anakuja mwenyewe nchi kavu, usiku, mahali wapenzi wako wanapoweza kufika kwa miguu.

Sasa sikiliza, hapa ndipo penye siri. Kasa ana kalenda, na kalenda hiyo ndiyo mifupa ya riwaya yako.

Kasa jike hupanda ufukweni, huchimba, hutaga mayai mia moja na zaidi, hufukia, hurudi baharini. Baada ya wiki mbili hivi hurudi kutaga tena, na hufanya hivyo mara kadhaa katika msimu mmoja. Mayai hukaa mchangani siku 50 hadi 60. Kisha vikasa huanguliwa na kutoka kwa pamoja, mara nyingi usiku.

Chukua karatasi uchore mstari wa siku sitini. Siku ya kwanza, wapenzi wanakutana kwenye kiota. Siku ya kumi na nne jike anarudi, nao wanaonana mara ya pili bila kuahidiana. Katikati kuna bamvua kubwa, kuna ugomvi, kuna posa ya mtu mwingine. Siku ya sitini kila kitu lazima kiwe kimeamuliwa. Huhitaji tena kujiuliza sura inayofuata itahusu nini. Mchanga unakuambia.

Ukishapata kalenda, wagombanishe wapenzi wako kwa jambo la kweli. Kutoelewana kwa sababu ya simu isiyopokelewa ni ugomvi mwepesi. Mfanye msichana awe binti wa mwenye jarife. Mfanye kijana awe mlinzi wa viota wa kijiji. Jarife ni wavu wa macho makubwa, hutegwa kwa papa na taa, na kasa hunaswa humo. Akihangaika anauchana. Tundu lake ni siku kadhaa za kushona, na siku hizo nyumbani hakuna samaki. Sasa msichana anampenda mtu ambaye kila akimwokoa kasa mmoja, baba wa msichana anapata hasara. Hapo una riwaya.

Usimfanye huyo baba kuwa mtu mbaya. Nakuomba sana hili. Miswada mingi huharibika hapa: mvuvi anakuwa mlafi, mlinzi anakuwa malaika, na msomaji wa pwani anafunga kitabu kwa sababu anamjua baba huyo na anajua si mlafi. Mpe sauti. Mpe ada ya shule inayomsubiri. Mwonyeshe usiku mmoja amemkuta kasa jarifeni bado anapumua, kisu kiko mkononi, na hajui akate wavu au afanyeje. Kaa naye hapo kurasa tatu nzima, usimkimbilie.

Kuhusu nyama ya kasa, andika kwa heshima. Kuua kasa na kuchukua mayai yake ni kosa kisheria Kenya na Tanzania, lakini nyama bado huliwa katika baadhi ya vijiji, na wakati mwingine huwa na sumu. Machi 2024, katika kisiwa cha Panza, Pemba, watoto 8 na mtu mzima mmoja walifariki baada ya kuila. Ukigusa jambo kama hilo, usilitumie kama fundisho la kuwakemea maskini. Andika jikoni, andika sufuria, andika mama aliyegawia majirani kwa wema.

Mkombozi asitoke mbali. Huyo mtaalamu mgeni anayeshuka na ndege na kuwafundisha wanakijiji bahari yao, mwache apumzike. Watu wa pwani wanamjua kasa, wanamjua ng'amba, wanajua kaskazi inapokwisha na kusi inapoanza. Wako wanaolinda viota vijijini leo hii, Mafia, Watamu na kwingineko, usiku baada ya usiku. Mtaalamu anaweza kuwemo, ila aje na daftari na maswali, na ajibiwe na bibi mmoja aliyekaa barazani.

Halafu kuna suala la usiku, nalo ni zawadi kwako. Kijiji cha pwani hakiruhusu binti kukaa ufukweni saa nane za usiku na kijana asiye wake. Riwaya za mbali hazina tatizo hili, ndiyo maana wapenzi wao hukutana kirahisi mno. Wako lazima wapate sababu, na lazima pawe na mtu wa tatu. Muweke babu mlinzi mwenye usingizi wa mang'amung'amu. Au shangazi aliyekuja na thermos ya chai na masikio makali. Maneno ya mapenzi yasemwe mbele yake bila yeye kuyajua, au yeye akiyajua na kunyamaza.

Mfano. Jike anataga, na macho yake yanatiririka. Kitaalamu kasa hutoa chumvi ya ziada kwa njia ya machozi. Usiandike aya ya biolojia. Andika hivi:

"Babu, analia."

"Halii, mwanangu. Anatoa chumvi."

Kimya. Mawimbi mawili yakapita.

"Basi na mimi natoa chumvi," akasema binti, akajifuta kwa ncha ya kanga. Kijana akasikia. Babu naye akasikia, akageukia upande wa minazi.

Umeona? Taarifa imeingia, na imemchoma mtu. Hiyo ndiyo kanuni: taarifa moja kwa tukio moja, na lazima imguse mhusika. Joto la mchanga huamua jinsia ya vikasa; mchanga wa moto hutoa majike wengi, wa baridi hutoa madume. Iweke kinywani mwa kijana siku ambayo mama yake anamuuliza kwa nini hataki kuoa mapema. Vikasa hufuata mwangaza kwenda baharini, na taa za hoteli huwapoteza. Basi kaka wa msichana awe askari wa hoteli hiyo, na usiku wa kuanguliwa mtu fulani lazima azime swichi na kuhatarisha kibarua chake. Yupi atazima? Amua vizuri, maana hilo ni ungamo kubwa la mapenzi kuliko barua yoyote.

Tukio bora kuliko yote nakupa bure. Kiota kimechimbwa karibu mno na maji, bamvua litakifikia. Lazima kihamishwe usiku uleule. Yai la kasa ni la duara, ukubwa wa mpira wa tenisi ya meza, na ganda lake laini linabonyea kidogo likiguswa. Likishakaa saa kadhaa halitakiwi kugeuzwa: upande uliokuwa juu ubaki juu, la sivyo kijusi kinaweza kufa. Kijana yuko ndani ya shimo hadi begani. Analitoa yai, analishika lilivyo. Msichana analipokea lilivyo. Babu anahesabu kwa sauti ya chini. Moja. Mbili. Mikono inakutana mara mia na kumi na mbili, na kila mara hairuhusiwi kutetemeka. Andika tukio hili kwa utaratibu, yai kwa yai, na usitumie neno "mapenzi" hata mara moja. Mchanga uwe umeganda kwenye viwiko. Maji yawe yanapanda.

Tafuta pia kitu chako mahali pa yale manyoya ya Owens. Usichague kombe wala matumbawe, mlinzi wa bahari hatoi hivyo zawadi. Mimi ningetumia daftari la viota. Walinzi huandika tarehe, saa, mahali, upana wa nyayo, idadi ya mayai. Acha safu ya mwisho iwe ya maelezo, na humo kijana aanze kuandika vitu visivyohusu kasa. "Upepo wa kusi. Hakuja mtu." Msichana, anayenakili daftari Jumamosi kwa ajili ya ofisi, ndiye pekee anayeisoma safu hiyo. Wiki ya tatu anajibu, kwa penseli.

Kabla hujaandika sana, nenda. Uliza walinzi wa viota wa karibu nawe kama unaweza kuongozana nao. Vaa nguo nyeusi, zima simu, usiwashe tochi nyeupe. Ukimwona jike anapanda, kaa chini, mbali, nyuma yake, wala usimguse. Akishtuka anaweza kurudi baharini bila kutaga. Sikiliza anavyopumua, pumzi ya kasa nchi kavu ni nzito, kama ya mtu aliyebeba gunia. Asubuhi rudi uangalie nyayo zake: mistari miwili mipana kama ya tairi la trekta, mmoja wa kupanda na mwingine wa kushuka. Andika ulichonusa kabla ya ulichoona. Mwani mkavu, ngozi ya samaki kwenye vichanja, moshi wa vifuu.

Lugha yako ibaki pwani. Maji yanajaa na kupwa. Kuna bamvua na kuna maji mafu. Dau si ngalawa, ngalawa si mtumbwi, na msomaji wa Lamu au Kilwa atakukamata ukichanganya. Mwenye shaka aulize. Wazee hufurahi kuulizwa majina ya vitu.

La mwisho ni namna ya kumalizia, na hapa waandishi wengi hukosa ujasiri. Wanataka kila kikasa kifike, hoteli izime taa zote, baba achome jarife na harusi iwe Ijumaa. Bahari haifanyi hivyo. Kaa huwakamata baadhi ya vikasa kabla ya maji, ndege wanachukua wengine, samaki wanasubiri. Wanaofikia utu uzima ni wachache mno. Basi na wewe usitoe kila kitu. Wapenzi wapate wanachokipata, lakini kuna kitu walipe. Labda baba hakubali hadi anapoumwa. Labda kijana anahamia kisiwa kingine mwaka mzima kwanza.

Kasa huchukua miongo miwili, mitatu, hata zaidi kabla ya kutaga kwa mara ya kwanza, na hurudi sehemu ya pwani alikozaliwa. Tumia hilo kwenye ukurasa wako wa mwisho. Ruka miaka thelathini. Usiku, mwezi mdogo, maji yanajaa. Jike anapanda ufuko uleule. Babu hayupo tena. Aliyeshika daftari ni binti wa wale wawili, na tochi yake imefunikwa kwa kitambaa chekundu. Usimwambie msomaji kama huyu ndiye mmoja wa wale mia na kumi na mbili. Jaza safu tu: tarehe, saa, upana wa nyayo, idadi ya mayai. Kwenye maelezo, aandike kwa penseli.