Somo la Uraia na Afya: Kutoka Kilio cha Zahanati Hadi Fungu la Bajeti

Katika mikutano ya wadi jambo la afya halikosi kutajwa. Mama atasimama aseme zahanati hufungwa saa kumi na moja jioni, ilhali uchungu wa uzazi haujui saa. Mzee atasema kila akienda kuchukua dawa ya presha huambiwa arudi wiki ijayo. Kijana atauliza ambulansi iko wapi. Afisa ataandika kwenye daftari, watu watapiga makofi, mkutano utafungwa kwa maombi. Mwaka mpya wa fedha ukianza, wakazi hukuta hakuna hata shilingi iliyotengewa jambo lile, nao husema ushirikishwaji wa umma ni mchezo.

Katika toleo hili tunajifunza namna ya kulitoa jambo la afya mdomoni na kulifikisha kwenye bajeti. Kwa ufupi, jambo hufika likiwa na vitu vitatu: mlango wake, tarehe yake na maandishi yake. Kimoja kikikosekana, kilio hubaki kilio.

Haki yako imeandikwa wapi

Katiba ya Kenya ya 2010, Kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya kupata kiwango cha juu kabisa cha afya kinachowezekana, pamoja na huduma ya afya ya uzazi. Kifungu hicho kinaongeza kwamba mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Kifungu cha 196 kinalitaka bunge la kaunti lifanye kazi yake waziwazi na kuwashirikisha wananchi. Kifungu cha 201 kinasema mambo ya fedha za umma yaendeshwe kwa uwazi, uwajibikaji na ushiriki wa wananchi.

Kwa hiyo unaposimama kusema juu ya zahanati, huombi hisani. Unatumia haki yako.

Hatua ya kwanza: Tafuta mlango

Jambo la afya likipelekwa kwa ofisi isiyohusika, hupotea njiani. Jedwali la Nne la Katiba limegawa kazi. Serikali ya Taifa ina sera ya afya na hospitali za rufaa za kitaifa, kama vile Kenyatta ya Nairobi na ile ya Moi mjini Eldoret. Serikali ya Kaunti ina vituo vya afya na maduka ya dawa ya kaunti, huduma za ambulansi, afya ya msingi, leseni za wanaouza chakula kwa umma, na uondoaji wa taka.

Kwa lugha ya mtaani, zahanati ya daraja la pili, kituo cha afya cha daraja la tatu, na hospitali za daraja la nne na la tano ziko mikononi mwa kaunti. Ukikosa muuguzi katika zahanati, usimwandikie Waziri wa Afya Nairobi. Andikia idara ya afya ya kaunti, na nakala umpe mwakilishi wadi wako, yaani MCA.

Lakini angalia pia kama jambo lako lina milango miwili. Zahanati isiyo na maji inahusu idara ya afya na idara ya maji. Shida ya usajili wa bima inahusu Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ambayo ni ya taifa.

Kuna mlango mwingine ulio karibu zaidi: kamati ya usimamizi wa kituo chenyewe, ambamo wakazi huwakilishwa. Tangu ipitishwe Sheria ya Ufadhili wa Uboreshaji wa Vituo ya 2023, pesa ambazo kituo cha umma kinakusanya zinapaswa kubaki kituoni na kutumika hapo hapo. Balbu iliyoungua, kufuli la choo au ndoo ya kunawia mikono si mambo ya kungojea bajeti ya kaunti. Iulizeni kamati yenu.

Hatua ya pili: Jua tarehe

Hapa ndipo wengi hukosea. Malalamiko hayana tarehe, lakini bajeti inayo. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 imepanga mwaka hivi:

- 1 Septemba: Mpango wa Maendeleo wa Mwaka unawasilishwa katika bunge la kaunti. Mpango huu unahusu mwaka wa fedha utakaoanza Julai ijayo.
- 28 Februari: Taarifa ya Mkakati wa Fedha inafikishwa bungeni. Hii ndiyo inayoweka kiwango cha juu cha pesa za kila idara.
- 30 Aprili: Makadirio ya bajeti yanafikishwa bungeni, na kamati inaanza kuyachambua.
- 30 Juni: Mwaka wa fedha unakwisha, na mwaka mpya unaanza tarehe 1 Julai.

Zisome tarehe hizo tena kwa makini. Jambo unalotaka lifanyike kuanzia Julai mwaka ujao linapaswa kuonekana katika mpango wa Septemba mwaka huu. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inakataza kutenga fedha za umma nje ya mpango ulioidhinishwa. Mtu anayekuja kuomba wodi ya uzazi mwezi wa Mei amekuja wakati chungu kimeshaepuliwa.

Je, aliyechelewa akae kimya? La. Mwezi wa Mei bado unaweza kuiomba kamati ya bajeti ibadilishe kiasi, ila kuna sharti: bunge likiongeza pesa mahali pamoja ni lazima lipunguze mahali pengine. Basi usiseme tu, "Tuongezewe." Sema pia ni fungu gani lipunguzwe, na kwa nini. Mwananchi anayekuja na jibu la swali hilo husikilizwa kuliko yule anayekuja na hasira peke yake.

Hatua ya tatu: Omba kinachotibu

Wakazi wengi hupenda kuomba jengo, kwa sababu jengo linaonekana. Lakini jengo halimzalishi mama. Ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu zimetaja mara kwa mara majengo ya afya yaliyokamilika katika kaunti mbalimbali na kubaki bila kutumika kwa kukosa wahudumu, vifaa au umeme.

Ni vizuri kuelewa kwa nini hali hiyo hutokea. Sheria inataka angalau asilimia 30 ya bajeti ya kaunti iende kwa maendeleo, yaani majengo, barabara, mitambo na kadhalika. Mishahara nayo imewekewa kikomo cha asilimia 35 ya mapato ya kaunti. Kwa hiyo pesa za kujenga huwa na nafasi, ilhali pesa za kuajiri muuguzi hubanwa kila upande. Pia dawa, mafuta ya ambulansi na bili ya umeme hutoka kwenye matumizi ya kawaida, wala si kwenye maendeleo.

Kabla ya kuomba jengo jipya, jiulizeni: Nani atafanya kazi humo? Usiku ataishi wapi? Maji yatatoka wapi? Dawa zitalipiwa na fungu gani? Huenda nyumba ndogo ya muuguzi kando ya zahanati iliyopo ikaokoa maisha mengi kuliko zahanati ya pili iliyofungwa kwa kufuli.

Hatua ya nne: Andika

Neno la mdomo hutegemea daftari la mwingine. Waraka wa maoni, ambao wengi huuita memoranda, ukipigwa muhuri wa kupokelewa, umekuwa kumbukumbu ya serikali. Ukurasa mmoja unatosha. Kiswahili kinakubalika, kwani ni lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi za Jamhuri.

Tuchukue mfano wa zahanati yenye muuguzi mmoja, inayofungwa jioni. Waraka wake waweza kuwa hivi:

*Kwa Karani wa Bunge la Kaunti. Nakala kwa Idara ya Afya na Mwakilishi Wadi.*

*Sisi wakazi wa vijiji vinavyohudumiwa na zahanati yetu tunatoa maoni juu ya Mpango wa Maendeleo wa mwaka ujao.*

*Shida: Zahanati ina muuguzi mmoja na hufungwa jioni. Katika miezi sita iliyopita, kina mama (taja idadi) walishikwa na uchungu usiku na wakapelekwa kwa bodaboda hadi kituo cha afya kilicho umbali wa kilomita (taja umbali).*

*Ombi: Muuguzi wa pili apelekwe katika zahanati hii, na nyumba ya muuguzi iliyoanzwa kujengwa imaliziwe.*

*Pesa: Tunapendekeza ukuta wa ua uliopangwa kujengwa uahirishwe kwa mwaka mmoja, na kiasi hicho kimalize nyumba. Kuhusu muuguzi, tunaomba idara itueleze kama kuna anayeweza kuhamishwa kutoka kituo chenye wauguzi wengi zaidi.*

*Majina, sahihi na tarehe.*

Ona mambo matatu katika waraka huo. Kwanza, unataja idadi. Idadi hiyo mtaipata kwa wahamasishaji wa afya ya jamii, ambao hutembelea nyumba zenu na kuweka kumbukumbu. Wanatambuliwa na Sheria ya Huduma za Afya ya Msingi ya 2023, nao wanajua kijiji kuliko ofisi yoyote. Pili, unataja pesa zitatoka wapi. Tatu, hautaji jina la mgonjwa hata mmoja. Ugonjwa wa mtu ni siri yake, nasi hatuna ruhusa ya kuuanika hata kwa nia njema. Hesabu inatosha.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Maradhi ya zahanati nayo yasifichwe, ila yatajwe kwa adabu na kwa ushahidi.

Ushirikishwaji wa kweli ni upi

Swali hili lilifika hadi Mahakama ya Juu, na lilifika kupitia jambo la afya. Kampuni ya sigara ya British American Tobacco Kenya ilipinga kanuni za kudhibiti tumbaku za mwaka 2014, na mojawapo ya hoja zake ilikuwa kwamba umma haukushirikishwa ipasavyo. Tarehe 26 Novemba 2019 Mahakama ya Juu iliitupa rufaa hiyo, na katika uamuzi huo ikaweka miongozo ya ushirikishwaji wa umma.

Mahakama ilisema ushirikishwaji uwe wa kweli, usiwe wa kutimiza desturi tu. Jambo linalozungumzwa lielezwe wazi. Utaratibu uwe rahisi kueleweka. Watu wapewe nafasi sawa ya kusikika, uwakilishi uwe mpana, na wananchi waelimishwe kwanza juu ya jambo wanaloulizwa.

Miongozo hiyo ni kipimo mikononi mwako. Ukialikwa mkutano leo kwa ajili ya kesho, bila kupewa waraka wa kusoma, una haki ya kusema, kwa heshima, kwamba kipimo hakijafikiwa. Andika hivyo katika waraka wako. Nasi wa upande wa serikali tunapaswa kulisikia hilo bila kinyongo.

Kesi hiyo ina somo jingine. Makampuni makubwa huja kwenye meza ya afya na mawakili na makabrasha. Ikiwa wazazi, wauguzi na wagonjwa hawapo, watakaosikika ni waliokuja.

Usipojibiwa

Kukaa kimya kwa ofisi si mwisho wa safari. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inakuruhusu kuomba habari kwa maandishi, kwa Kiswahili au kwa Kiingereza. Uliza, kwa mfano, dawa za zahanati ziliagizwa lini na zilifika lini. Ofisi inatakiwa kukujibu ndani ya siku 21. Kama habari hiyo inahusu uhai au uhuru wa mtu, ni ndani ya saa 48. Ukinyimwa, peleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, inayojulikana zaidi kama Ombudsman.

Unaweza pia kupeleka ombi rasmi bungeni. Kifungu cha 15 cha Sheria ya Serikali za Kaunti kinampa mtu yeyote haki ya kuliomba bunge la kaunti lishughulikie jambo lolote lililo katika mamlaka yake. Muulize karani mtindo wa kuliandika, na muda ambao kanuni za kudumu zinaipa kamati kutoa jibu.

Na hata jambo lako likiingia kwenye bajeti, lifuateni. Hazina ya kaunti hutoa ripoti kila baada ya miezi mitatu, na Msimamizi wa Bajeti hutoa ripoti zake za kaunti zote. Zisomeni katika chama chenu. Fungu lililoandikwa na lisilotumika halimsaidii mgonjwa.

Zoezi la kikundi

Katika chama, jumuiya au kikundi chenu, fanyeni haya kabla ya mwezi wa Agosti kuisha:

1. Tajeni shida tatu za afya kijijini. Kwa kila moja, semeni ni ya kaunti, ya taifa, au ya kamati ya kituo.
2. Chagueni moja tu. Mwombeni mhamasishaji wa afya awasaidie kupata idadi, bila majina.
3. Andikeni ukurasa mmoja wenye shida, ombi, na mahali pesa zitakapotoka.
4. Chagueni watu wawili wa kuupeleka. Wasiondoke ofisini kabla nakala yenu haijapigwa muhuri na tarehe.
5. Wekeni siku ya kukutana tena mwezi wa Machi. Someni Taarifa ya Mkakati wa Fedha, na mtazame kama kiwango cha idara ya afya kinaweza kubeba ombi lenu.

Nakala hiyo yenye muhuri ihifadhiwe na katibu wa kikundi. Mkutano wa wadi utakapoitwa tena, msianze upya na kilio. Anzeni kwa kuusoma waraka, mtaje tarehe uliyopokelewa, kisha mwulize: Umefikia wapi?